Nani Aliziba Paa la Hadrian?

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Historia ya makaisari wa Roma, ya Augustus, ya Nero na wenzao, mnaijua, sitaipitia. Saa tuliyopewa ni fupi, na jambo nililokuja nalo limenikaa kooni miaka mingi. Walionisikia likinitoka kwingine wanivumilie.

Kila ukifungua kitabu cha picha za Roma unaambiwa kwamba majengo ya makaisari yamedumu kwa sababu wenyewe walikuwa na nguvu na mafundi wao walijua kujenga. Kujenga walijua, sibishi. Lakini sehemu kubwa ya waliyoyajenga haipo tena! Yaliyosimama ni machache, na yamesimama kwa sababu baada ya makaisari alitokea mtu mwingine mwenye haja ya kulitumia jengo lile, akaliezeka, akaziba palipovuja, akamzuia aliyekuja na nyundo. Huyo hatajwi vitabuni.

Tutazame mahekalu mawili ya kaisari mmoja, Hadrian. La kwanza ni Pantheon. Usoni limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba Marcus Agrippa, mwana wa Lucius, ndiye aliyelijenga alipokuwa konsuli, yaani mmoja wa wakuu wa serikali, kwa mara ya tatu; Agrippa huyo ni jemadari wa Augustus, wa zamani kuliko Hadrian. Watu waliyaamini maandishi hayo kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1892 msanifu Mfaransa Georges Chedanne alipoyakagua matofali ya ukutani na kukuta mihuri ya wafyatuaji wa wakati wa Hadrian. Hekalu la Agrippa lilikuwa limeungua mwaka 80 BK, lililofuata likaungua mwaka 110. Hili la sasa lilikamilika kwenye miaka ya 120, na Hadrian akaliacha jina la Agrippa pale pale.

Kuba lake lina upana wa mita 43 na kidogo, na kutoka sakafuni hadi kileleni ni kipimo hicho hicho. Nondo hamna hata moja. Mafundi walicheza na uzito wa mawe: chini walichanganya zege na travertino, jiwe zito la chokaa, kadiri walivyopanda wakatia vipande vya matofali na mawe laini ya volkano, na karibu na kilele wakatia yale mepesi yenye matundu. Kileleni penyewe hawakutia kitu. Wakaacha tundu la karibu mita 9, mwanga unaingia na mvua inaingia. Hadi leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo lililolizidi hili kwa ukubwa. Msanifu yeyote aliyesimama chini yake anajua kwa nini sauti yangu inapanda nikilisema.

La pili ni hekalu la Venus na Roma, lililoanzwa mwaka 121 karibu na Colosseum. Hili ndilo lililokuwa hekalu kubwa kuliko yote mjini, juu ya jukwaa la mita 145 kwa 100. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba Hadrian aliuchora mpango wake mwenyewe, akampelekea Apollodorus wa Damascus, fundi mkuu wa Trajan, kaisari aliyemtangulia Hadrian, naye akajibu kuwa miungu wale waliokaa ndani wakitaka kusimama watagonga vichwa darini. Kwa habari ya Dio, jibu hilo lilimgharimu maisha.

Basi tuna mwenye kujenga mmoja, mji mmoja, zama moja. Karne ya 7 ikaja. Papa Honorius wa Kwanza, kwa ruhusa ya kaisari Heraclius wa Konstantinopoli, mji ambako makaisari walikuwa wamehamia, akavua vigae vya shaba vya hekalu la Venus na Roma akaenda kuezekea Kanisa la Mtakatifu Petro. Mwaka 663 kaisari Constans wa Pili akaja kutoka Konstantinopoli, akakaa siku chache Roma, naye akavua vigae vya shaba vya Pantheon. Mahekalu yote mawili yakabaki wazi juu, na mnajua maji yanavyoua jengo.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Pantheon lilikuwa limeshapewa kazi: mwaka 609 kaisari Phocas alimkabidhi Papa Boniface wa Nne, likafanywa kanisa la Bikira Maria na Mashahidi. Waumini walikuwa wakisali humo, mapadri walikuwa wakisoma misa humo, na jengo lenye watu ndani lazima lizibwe. Ilichukua miaka mingi, lakini mwaka 735 Papa Gregory wa Tatu akaliezeka kwa mabamba ya madini ya risasi. Hekalu la Venus na Roma halikuwa na wa kulililia. Likawa gofu, na katika karne ya 9 kanisa jipya likajengwa humo humo kwenye kifusi.

Na marumaru je? Nyinyi wa pwani mmeona matumbawe yanavyochomwa yakawa chokaa. Marumaru nayo ukiichoma inatoa chokaa safi kabisa, na kwa karne nyingi matanuri ya Roma yalikuwa yakila sanamu na nguzo za makaisari.

Msidhani Pantheon liliachwa kwa heshima. Karne ya 17 Papa Urban wa Nane, wa ukoo wa Barberini, aling'oa shaba ya barazani, nyingi ikayeyushwa kuwa mizinga. Warumi wakasema: wasichofanya washenzi, wamekifanya Barberini. Lakini kuba hakuligusa, maana chini yake palikuwa na altare. Hadi leo misa inasomwa humo. Tangu Julai 2023 mtalii hulipa kiingilio mlangoni, yuro 5 kilipoanza. Anayekwenda kusali halipi.

Najua mtaniambia: na Colosseum? Nani aliutumia uwanja ule baada ya michezo kwisha? Waliutumia! Watu walipanga nyumba na karakana ndani ya matao yake, ukoo wa Frangipane wakaugeuza ngome, makanisa madogo yakajengwa humo. Pia ulichimbwa mawe kama machimbo, hasa baada ya tetemeko la 1349 kuangusha upande wa kusini. Uchimbaji ulikoma kweli pale Papa Benedict wa Kumi na Nne, katikati ya karne ya 18, alipoutangaza kuwa mahali patakatifu pa mashahidi wa Kikristo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka. Kaburi la Hadrian liko salama kwa kuwa liligeuzwa ngome, ile Castel Sant'Angelo. Papa Clement wa Saba alijificha humo mwaka 1527 mji ulipotekwa nyara. Sanamu ya shaba ya kaisari Marcus Aurelius juu ya farasi ilinusurika kuyeyushwa kwa sababu watu walidhani ni Konstantino Mkuu, kaisari Mkristo. Nguzo ya Trajan ya mwaka 113 ililindwa na Seneti ya mji mwaka 1162, kwa tishio la kifo kwa atakayeiharibu. Matao ya ushindi nayaruka, pamoja na lile la Konstantino lililopambwa kwa sanamu zilizobanduliwa kwenye majengo ya Trajan, Hadrian na Marcus Aurelius.

Lakini kaburi la Augustus siliruki. Lilijengwa kuanzia mwaka 28 KK. Likawa ngome ya ukoo wa Colonna, likawa bustani, likawa uwanja wa kupigana na fahali, na mwanzoni mwa karne ya 20 likawa ukumbi wa muziki, maelfu wakisikiliza okestra juu ya kaburi la makaisari. Mwaka 1936 Mussolini, dikteta wa Italia, akaufunga ukumbi. Akaubomoa, akabomoa na mtaa uliolizunguka kaburi, ili Augustus aonekane peke yake katika utukufu wake. Alipomaliza kumheshimu, kaburi likabaki duara la matofali lililoota magugu, limefungiwa uzio, na kwa miongo mingi wakazi wa Roma walilipita wakienda kupanda basi. Milango ilifunguliwa tena Machi 2021, baada ya ukarabati.

Haya, nimeambiwa nikomee hapo. Naona mkono wa bwana mwenye kanzu pale nyuma umeinuka tangu nilipotaja zege. Tafadhali, uliza.