Kikapu cha Ukili kwa Miyaa, Leso Chakavu na Kamba ya Ufukweni

Asalaam alaikum wapenzi watazamaji, karibuni Lamu. Leo tunasuka kikapu cha sokoni, kikapu cha ukili, yaani mkanda wa majani uliosukwa, chenye urefu wa sentimita 30, upana 15 na kimo 25. Nazi, mboga na samaki aliyefungwa vizuri vyote vitaingia.

Vitu vyetu ni hivi hapa mkekani. Fungu la miyaa. Leso, yaani kanga, iliyochakaa ambayo haifai tena kuvaliwa. Kamba ya nyavu na ndara (kandambili) moja, vyote vimeokotwa ufukweni. Kisu kidogo, mkasi, bakuli la maji na shazia. Kama huna shazia, sindano ya kushonea magunia inatosha.

Nakuomba usiiruke sehemu ya kuchana ukaenda moja kwa moja kwenye kusuka. Kikapu kinachosimama sawa na kikapu kinachoinama upande hutofautiana tangu kwenye chane, vile vipande vyembamba vya jani, kabla ukili haujaanza.

Miyaa ni majani machanga ya mkoma, mti wa jamii ya mitende, yale ya katikati ambayo bado hayajafunguka. Jani likishafunguka na kupigwa na jua mtini huwa gumu, ukilikunja linapasuka. Ukikata mwenyewe, usimalize machipukizi ya mti mmoja. Chukua moja, hamia mti mwingine, mkoma uendelee kukua. Ukinunua, kunja jani moja kwa kidole. Likikunjika bila kulia, nunua.

Anika juani siku chache mpaka ukijani uishe na jani liwe jeupe lenye umanjano. Jioni ingiza ndani, kwa sababu umande huleta madoa meusi ambayo hayatoki. Kama unataka miyaa ya rangi, hatua yake ni hapa: chemsha maji, tia rangi ya unga ya mikeka, zamisha miyaa mpaka ikolee, suuza, anika kivulini. Mimi leo nataka rangi itoke kwenye leso, kwa hiyo miyaa yangu itabaki na weupe wake.

Sasa kuchana. Kila jani lina uti katikati, utoe kwa ncha ya kisu. Kinachobaki tunakichana kiwe chane za upana mmoja, nusu sentimita. Ni upana mmoja kweli, si wa kukaribiana. Mikono iliyozoea hufanya hivi kwa ukucha wa kidole gumba. Wewe unayeanza, kata kipande cha ndara, chomeka sindano mbili zikiwa zimeachana nusu sentimita, ncha zitokeze juu. Laza jani juu ya ncha, bonyeza, vuta. Chane inatoka katikati ya sindano ikiwa na upana uleule kila mara. Zikiwa nene na nyembamba, ukili utavutwa upande wa zile nyembamba na pindo litakuwa na mawimbi, na hakuna kushona kutakakolinyoosha.

Tuje kwenye maji. Chane ikiwa kavu huvunjika kwenye kona. Ikiwa imelowa chepechepe, huvimba. Ukiisuka ikiwa imevimba, kesho ikikauka inasinyaa, na ukili uliokuwa umebana unaachia matundu. Kwa hiyo chovya chane majini, zitoe, zikung'ute, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu na uziache mpaka zilainike. Ukishika chane ikakupa ubaridi mkononi bila kukulowesha, iko tayari.

Leso nayo iandae. Kwanza ichovye kwenye maji ya uvuguvugu uone kama inachuja rangi. Nyekundu na nyeusi huchuja mara nyingi, na zitapaka miyaa yote. Ikichuja, irudie kuosha mpaka maji yatoke meupe. Ikikauka, ipasue kwa mikono kufuata urefu wake, vipande vya sentimita 1 na nusu. Kipande kimoja kikunje kifunike chane moja pande zote mbili, kama ala inavyofunika kisu. Chane ya ndani iwe nyembamba zaidi kidogo kuliko wenzake.

Kwa nini nisiilaze leso tu juu ya chane? Kwa sababu chane ikifika pindoni inakunjwa na kugeuka. Upande uliokuwa juu unakwenda chini. Leso iliyolazwa juu itaonekana ikienda na itapotea ikirudi. Na kwa nini nisitumie leso peke yake, bila chane ndani? Kitambaa hakina uti wa kusimama, mahali pote kinapopita, ukili utalegea.

Haya, tunasuka. Nasogeza kamera karibu na vidole.

Chukua chane 7, mojawapo ikiwa ile yenye leso. Zisiwe na urefu sawa, ili zisije zikaisha zote mahali pamoja. Zifunge kwa uzi upande mmoja, na bana fundo kwa kidole cha mguu au lifunge kwenye mguu wa kiti. Zigawe: 4 kulia, 3 kushoto.

Shika ile ya mwisho kabisa kulia. Ikunje kuelekea ndani, usiisokote, mkunjo uwe bapa. Ipitishe juu ya ya kwanza, chini ya ya pili, juu ya ya tatu. Imefika katikati, sasa ni ya kundi la kushoto. Hesabu: kushoto 4, kulia 3.

Shika ya mwisho kushoto. Kunja ndani. Juu, chini, juu. Imehamia kulia. Rudi kulia: juu, chini, juu. Kushoto: juu, chini, juu. Ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho.

Tazama chane yenye leso. Haikai mahali pamoja. Inatoka pindo hili inakwenda lile, inarudi, na inachora mstari wa nyoka kwenye ukili mzima. Kila chane inafanya safari hiyo, ila hii ndiyo unayoiona. Ukitia chane mbili za leso, moja kila upande, zitakatizana na kufanya pembe.

Kila baada ya mikunjo michache, vuta chane zote kwa pamoja, kisha bonyeza ukili kwa kidole gumba. Upana wake uwe kama sentimita 2 na nusu. Upime mara kwa mara, maana mkono ukichoka hulegea wenyewe bila wewe kujua.

Chane ikikaribia kuisha, usingoje ifike mwisho. Laza chane mpya juu yake, zisuke pamoja mikunjo mitatu minne, kisha iache ile ya zamani na uendelee na mpya. Vichwa vyote vitokee upande mmoja, ambao utakuwa ndani ya kikapu. Tutavikata mwishoni kwa mkasi.

Tunahitaji ukili wa mita 11 hivi. Ni kazi ya kukaa barazani na wenzako, haiishi kwa kikao kimoja. Hapa kisiwani, kina mama wa Matondoni na Kipungani wanajulikana kwa kazi hii, na ukikaa nao utaona hawaangalii vidole. Mikono inakwenda na mazungumzo yanaendelea.

Na mtu asikuambie kwamba ukili ni kitu dhaifu. Mitepe, vile vyombo vya kale vya pwani yetu vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigwa misumari, vilikuwa na tanga la mkeka. Majani ya mti yalishika upepo wa kaskazi na kusi yakasukuma chombo na shehena yake. Kikapu cha nazi tatu hakiwezi kuyashinda.

Ukili ukikamilika, uache ulale usiku mmoja ukauke na kutulia. Kesho yake lowesha mapindo tu kwa kitambaa, tuanze kushona.

Uzi wa kushonea ni nyuzi za nyavu kuukuu. Zioshe kwa maji matamu kwanza, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kikapu kitakuwa kinatota kila hewa ikiwa nzito.

Tunaanza kitako. Pima sentimita 20 za ukili, kunja, urudishe ubavuni mwa ule wa kwanza. Pindo na pindo zimekutana. Pitisha shazia kwenye kitundu cha mkunjo wa pindo hili, halafu cha pindo lile, vuta. Uzi unazama ndani ya mikunjo na kwa nje hauonekani. Ukifika mwisho, zunguka kona uendelee kushona kuzunguka kitako.

Kwenye kona pana siri yake. Ukili unaopinda una njia fupi upande wa ndani na ndefu upande wa nje, kwa hiyo upande wa ndani lazima ukusanywe. Shona vitundu viwili vya ukili unaoingia kwa kitundu kimoja cha kitako. Fanya hivyo kwenye kona tu, sehemu zilizonyooka ni kimoja kwa kimoja. Zunguka mara 2, na kitako kitakuwa na sentimita 30 kwa 15. Kilaze sakafuni. Kikilala bapa, endelea. Kikiinuka kama sahani, fumua kona uongeze kukusanya.

Sasa kuta. Acha kukusanya. Shona kimoja kwa kimoja pote, hata konani, na uvute uzi kwa nguvu. Ukili wenyewe utasimama. Unazunguka bila kukata mpaka mizunguko 10, hapo kimo kimefika 25. Mkeka pia hushonwa hivyo: ukili unazunguka mpaka liwe bomba pana, ndipo hukatwa na kufunguliwa.

Ili mdomo usiwe na ngazi, sentimita 15 za mwisho za ukili punguza chane moja moja mpaka ubaki mwembamba, kisha uushonee kwenye mzunguko wa chini yake.

Mikono ya kikapu watu wengi huishona mdomoni tu, na hapo ndipo kikapu hukatika. Chukua kamba moja ya mita 2 na nusu. Ipitishe chini ya kitako, ipande ukutani ikiingia na kutoka kati ya mizunguko ya ukili, ifanye mkono, ishuke, ipite tena chini ya kitako, ipande upande wa pili ifanye mkono wa pili, irudi ilikoanza. Funga fundo kwa ndani. Sasa mzigo unabebwa na kamba, ukili unashika umbo tu.

Ile ndara iliyobaki, kata vipande 4 vidogo na ushone chini ya kitako, kimoja kila kona, kikapu kisikae kwenye sakafu yenye maji. Bahari inatuletea ndara nyingi mno. Flipflopi, jahazi la plastiki lililojengwa hapahapa Lamu na kuzinduliwa 2018, lilivishwa ndara za namna hii na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja.

Huenda unajiuliza kuhusu plastiki badala ya leso. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini kamba bapa za kufungia mizigo zipo tele. Zitumie kwa kikapu cha plastiki peke yake. Ukizichanganya na miyaa, miyaa itasinyaa ikikauka, plastiki haitasinyaa, na itatuna nje.

Kata vichwa vya chane vilivyobaki ndani, usiguse mkunjo wenyewe. Kikichafuka, kipanguse kwa kitambaa chenye maji bila kukizamisha, na ukikaushe kivulini kikiwa kimepinduliwa.