Ipelekeni Poda Mlangoni

Mwenyekiti, wazazi, dada zangu wa kazi, na nyinyi mabinti mnaoanza kushika brashi mwaka huu, nawasalimu. Walionisikia mwaka jana na mwaka juzi watanivumilia, kwa maana nimerudi na jambo lile lile, na nitazidi kurudi nalo mpaka Jumamosi moja nipite barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu nisikutane na bi harusi mwenye uso wa rangi moja na shingo ya rangi nyingine.

Mapenzi yangu kwa vipodozi yalianzia Nakuru, nikiwa na miaka minane, mbele ya kabati la mama. Mlikuwa na kikopo cha poda, wanja, na rangi ya mdomo nyekundu iliyokwisha hata ikawa inachokolewa kwa njiti ya kiberiti. Nilichapwa kwa ajili ya rangi ile, na sikukoma. Leo nina miaka 57, na nikifungua kikopo kipya cha poda bado huinusa kwanza kabla sijaitazama.

Najua yupo mmoja hapa ambaye moyoni ameshanisomea methali: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Nimesomewa na wachungaji, nimesomewa na walimu, na marehemu baba mkwe wangu alinisomea kila Krismasi. Huwa nawauliza kama wanaujua huo mkakasi wenyewe. Ni kijisanduku cha nakshi ambamo mwanamke alihifadhi manukato na vipodozi vyake! Methali imetoka kwenye meza yetu ya urembo, kisha wanatusuta nayo. Ama kuhusu maji, fondesheni, ile rangi ya ngozi inayopakwa usoni kabla ya poda, nyingi za siku hizi zina silikoni isiyobanduka kwa maji matupu, ndiyo maana nawafundisha kuutoa urembo kwa mafuta kwanza na sabuni laini baadaye. Kama maji yangetosha kutuumbua, jasho la Kisumu lingekwisha kutufilisi zamani.

Sasa nije kwenye jambo langu, na nitalianza kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka 1996 nilimpamba bi harusi mmoja wa upande wa Kondele. Nilikuwa nimemnunulia fondesheni katika duka moja mjini, chini ya zile taa ndefu nyeupe, nikaijaribu nyuma ya kiganja chake, tukatazamana tukacheka kwa furaha, kwa kuwa kiganjani ilikaa vizuri sana. Siku ya harusi nikaipaka, nikaongeza poda nyepesi juu yake ili kukausha jasho, na ndani ya chumba kile chenye mapazia yaliyofungwa kila mtu akapiga vigelegele. Wiki moja baadaye picha zikatoka kusafishwa. Nyanya yake alizipokea, akaziinua karibu na macho, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila ubaya wowote: “Huyu aliyemwagiwa unga ni nani?”

Binti yule alizificha picha zake chini ya sanduku. Mimi nilirudisha malipo yote, na baada ya mwezi mmoja nikamwomba avae gauni lake tena, kwa gharama yangu, nikampamba nikiwa nimemkalisha kwenye kizingiti cha nyumba, uso ukielekea nje. Picha aliyoitundika ukutani ni hiyo ya pili. Bwana harusi hayumo, kwa kuwa siku hiyo alikuwa kazini, na mpaka leo wageni wanauliza.

Tangu hapo nimejifunza kilichotokea, nami nataka mkijue kabla hamjamwagia mtu unga. Rangi ya fondesheni hutokana na oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, zikichanganywa na unga mweupe wa titani unaoipa nguvu ya kufunika. Mtengenezaji anapotafuta rangi ya ngozi yetu kwa kuongeza nyeusi tu, huku weupe ukibaki pale pale, anachopata ni kijivu, kwa kuwa nyeusi na nyeupe hazijawahi kuzaa kahawia, na jambo hilo linajulikana na mtoto yeyote wa chekechea mwenye kalamu za rangi. Kisha taa za dukani, zenye wekundu haba kuliko jua, zinakificha kijivu hicho, na mwangaza wa kamera unapoipiga ile titani, unarudi kwa mpiga picha kama umegonga bati jipya.

Dawa yake haigharimu hata shilingi moja. Paka mistari mitatu ya rangi tatu kutoka kwenye taya kushuka shingoni, kwa maana kiganja kimeota jua na hakifanani na uso, ngoja dakika kumi kwa sababu nyingine hukolea zikishachanganyika na mafuta ya ngozi, kisha toka na kioo chako mpaka mlangoni. Mstari unaopotea ndio wako. Muuza duka akikuzuia kufika mlangoni, mwachie fondesheni yake.

Hapo nasikia vijana wakisema: “Mwalimu, hayo ni ya zamani, siku hizi rangi zipo tele.” Ni kweli zipo, na sikuwahi kuzibeza. Eunice Johnson wa Chicago alianzisha vipodozi vya Fashion Fair mwaka 1973 baada ya kuona wanamitindo weusi wa maonyesho yake ya mavazi wakijichanganyia rangi wenyewe. Iman, mwanamitindo wa Kisomali aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi, akafungua kampuni yake ya vipodozi mwaka 1994. Mwaka 2014 Lancôme, kampuni ya vipodozi ya Ufaransa, ikamchukua mwigizaji Lupita Nyong'o awe sura ya matangazo yake, ambaye ukoo wake ni wa huku kwetu, na mwaka 2017 Fenty Beauty, ya mwimbaji Rihanna, ikaingia sokoni na fondesheni za rangi 40. Nilishangilia kila mara. Lakini mtu anayechagulia gizani, ukimpa rangi 40 umempa njia 39 za kukosea.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo manne, na naona hili moja limekula mengine. Kuhusu mkorogo nitasema kwa ufupi: krimu nyingi za kujichubua zimekutwa na zebaki, sumu inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake na kuharibu figo, na mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe kufikia mwaka 2025. Krimu isiyoandikwa viungo vyake isiguse uso wa mteja wako, hata akikulilia. Maskara iliyofunguliwa itupwe baada ya miezi mitatu, na anayenijia na macho mekundu asiniambie ni vumbi la Kibuye. Ya nyusi nayaacha, kwa sababu nikiyaanza tutalala hapa.

Sasa naomba mabinti wote msimame. Kila mmoja achukue kioo chake na kikopo chake, tutoke nje pamoja upande ule wa ziwa, maana jua limebakiza kama nusu saa, na wawili watatu kati yenu nimewatazama tangu nilipoingia.