Mguu Wake, Kidonge Chake: Mgonjwa wa Akili Mbele ya Sheria ya Uingereza

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Naomba nianzie Broadmoor, hospitali ya Uingereza yenye ulinzi mkali, ambako mwaka 1993 mgonjwa wa miaka 68, anayetajwa katika hukumu kwa herufi C tu, mguu wake ulianza kuoza. Mpasuaji alimweleza kwamba asipokatwa chini ya goti, nafasi yake ya kupona ilikuwa asilimia 15. C, mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au aamini yasiyokuwepo) na aliyejiamini kuwa daktari mashuhuri duniani, alijibu kwamba ni heri afe na miguu miwili kuliko kuishi na mmoja.

Kesi ikafika mahakamani. Jaji Thorpe, aliyeisikiliza, hakushughulika na swali la kama C anaumwa akili, maana hilo halikuwa na ubishi. Aliuliza kama ameyaelewa maelezo ya matibabu, ameyasadiki na ameyapima. Aliporidhika, alizuia mguu ule usikatwe, wakati huo wala baadaye, bila idhini ya maandishi ya mwenyewe. Sisi tukishasema “huyu hana akili” huwa tumemfuta mtu mzima. Jaji alimpima kwa uamuzi mmoja tu.

Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005 ilikwenda njia hiyohiyo. Mtu mzima anaweza kuandika leo matibabu atakayoyakataa siku atakapokuwa hajiwezi kuamua, na ikiwa anakataa tiba inayomshikilia uhai, sharti atie saini mbele ya shahidi na atamke wazi kwamba msimamo wake unabaki hata kama uhai wake umo hatarini. Daktari akiikuta hati halali, amefungwa nayo.

Hata hivyo, mtu huyohuyo akizuiliwa hospitalini kwa ajili ya matibabu chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, hati yake haimkingi na dawa za ugonjwa wa akili, kwani kifungu cha 63 kinaruhusu atibiwe bila ridhaa. Kwa hiyo anaaminiwa kukataa kukatwa mguu, hata afe, lakini haaminiwi kukataa kidonge. Mimi sijaona hoja inayonitosheleza kuhusu tofauti hiyo.

Mwaka 2018 jopo la Sir Simon Wessely, lililopewa kazi ya kuipitia Sheria hiyo ya 1983, lilitaka matakwa ya mgonjwa yapewe uzito zaidi, na mswada uliofikishwa Bungeni Novemba 2024 ulimtaka daktari awe na sababu nzito kabla ya kuyapuuza. Lakini uzito wa sababu hiyo umeachwa upimwe na madaktari, si na jaji.