Asubuhi Moja ya Darasa la Nane

Wazee wangu shikamooni. Wazazi wenzangu, hamjambo. Namshukuru mwenyekiti wa jumuiya yetu kwa kunipa nafasi hii tena. Wapo hapa waliokwisha kunisikia nikilisema jambo hili la mtihani mmoja unaoamua nani aingie shule za umma zinazogombewa zaidi, hapa New York na hata kule New Jersey, na wataniwia radhi, kwa sababu nitaendelea kulisema mpaka libadilike.

Naanza na namba. Mwaka 2019 shule ya sekondari ya Stuyvesant, pale Manhattan ya chini, ilitoa nafasi 895. Wanafunzi weusi waliopata walikuwa 7. Mwaka 2021 zilitoka nafasi 749, weusi wakapata 8. Mwaka 2025 nafasi 781, weusi 8. Na hii ni shule ya serikali. Haina ada. Inaendeshwa kwa kodi tunayokatwa mimi na wewe kwenye kila mshahara, katika jiji ambalo watoto weusi na Walatino ni karibu theluthi mbili ya wanafunzi wote wa shule za umma.

Utaratibu wenyewe mnaujua. Mtoto akiwa darasa la nane anafanya mtihani wa kuingia shule hizi maalumu, uitwao SHSAT: muda wa saa tatu, maswali 57 ya Kiingereza, maswali 57 ya hesabu. Basi. Ripoti zake za shule hazifunguliwi, mwalimu wake haulizwi neno. Majina yanapangwa kuanzia alama ya juu kushuka chini, nafasi zinagawiwa mpaka ziishe, na aliyepungukiwa na swali moja anabaki nje. Shule nane za jiji hili zinaingiwa kwa njia hiyo.

Sasa najua atainuka mtu aseme: "Mwalimu, mtihani hauna rangi. Karatasi haijui mtoto ni wa nani. Watoto wetu wasome." Nimeambiwa hivyo kanisani, nimeambiwa msikitini, nimeambiwa na dereva wa basi. Nami namjibu kila anayesema hivyo kwa swali moja: mwaka 1982, katika shule ya Brooklyn Tech, ambayo ni mojawapo ya hizo hizo nane, wanafunzi weusi walikuwa asilimia ngapi? Watu hukisia tano. Hukisia kumi. Walikuwa asilimia 51. Zaidi ya nusu ya shule! Na Stuyvesant mwaka 1975 ilikuwa na wanafunzi weusi 303. Waliingia kwa mtihani, chini ya sheria hii hii tuliyo nayo leo, sheria ya Hecht-Calandra iliyopitishwa Albany, makao makuu ya jimbo letu, mwaka 1971, wakati jiji lilipoanza kujiuliza kama mtihani unawabagua watoto, na wabunge wa jimbo wakawahi kuufunga mjadala kwa sheria.

Nakaa hapa kwa makusudi, maana ndipo penye kiini. Kama mtihani unapima akili na bidii tu, basi mtuambie: akili za watoto weusi wa Brooklyn zilikwenda wapi kati ya 1982 na leo? Wazazi wao waliacha kuwapenda? Hakuna mtu mzima atakayesema hivyo mbele ya watu. Kwa hiyo kilichobadilika kiko nje ya kichwa cha mtoto, na tukitafute huko.

Kwanza, madarasa maalumu ya watoto wenye vipaji yaliyokuwa katika shule za kati za mitaa kama Bedford-Stuyvesant kule Brooklyn na Bronx ya kusini yalipungua, mengine yakafungwa kabisa. Yale ndiyo yaliyokuwa yakiwaandaa wale watoto wa miaka ya sabini na themanini. Pili, tuisheni ikawa biashara. Nendeni Flushing Jumamosi asubuhi, au Sunset Park, mitaa yenye Waasia wengi. Angalieni juu ya maduka, ghorofa ya pili, mtaona mabango ya vituo vya tuisheni yamefuatana. Watoto wa miaka kumi na moja, kumi na mbili, wanapanda ngazi na mabegi yao, wanakaa mpaka jioni wakirudia mitihani ya mazoezi, wiki baada ya wiki. Siwalaumu hata kidogo. Wazazi wao wanalipia kwa jasho la jikoni na la kiwandani. Ila tusiseme kwamba mtoto huyo na yule asiyejua hata kama kuna mtihani wamepimwa kitu kimoja. Mizani inaweza kuwa sahihi kabisa katika kupima gunia la mahindi, na bado isikuambie ni shamba lipi lilipata mvua.

Niwape mfano mmoja wa kitu kilichokuwa ndani ya mtihani wenyewe. Hadi 2017 kulikuwa na maswali ya aya zilizovurugwa. Mtoto anapewa sentensi ya kwanza, halafu sentensi tano zimechanganywa, azipange zifuatane. Shule gani ya kati ilikuwa na somo la namna hiyo? Hakuna. Lakini vituo vya tuisheni vilikuwa na mbinu zake, na aliyelipia alizijua. Na namna ya kukokotoa alama nayo: kwa miaka mingi mtoto aliyekuwa hodari mno katika somo moja na wa kawaida katika jingine aliweza kumpita aliye mzuri sana katika yote mawili, kwa sababu alama za juu kabisa za somo moja zilipanda kwa kasi kuliko za katikati. Nani aliyajua hayo? Waliojua walimwambia mtoto wao aweke nguvu zote upande wake wa nguvu. Wengine wakamwambia, "Soma yote sawasawa mwanangu." Ushauri mzuri wa mzazi, na ukamgharimu mtoto nafasi.

Nilimfundisha binti mmoja, wazazi wake wametoka Goma. Shule yake sitaitaja. Kwa hesabu sijapata wengi kama yeye. Vuli ilipoingia yuko darasa la nane, nikamuuliza kama amejiandikisha kwa mtihani. Akanitazama. "Mtihani gani, mwalimu?" Mshauri wa wanafunzi pale alikuwa na mamia ya watoto mikononi mwake, na barua iliyokwenda nyumbani ilikwenda kwa Kiingereza kwa mama anayesoma Kifaransa na Kiswahili. Tukamwandikisha. Nikampa karatasi ya mazoezi, nikaketi naye. Kila swali alilifanya vizuri ajabu: anaandika hatua moja, anaandika ya pili, anahakiki jibu, anapiga mstari chini yake. Kama tulivyomfundisha. Muda ulipokwisha alikuwa hajafika nusu ya hesabu, na yote aliyoyafanya yalikuwa sahihi. Mtihani ule unampa mtoto kama dakika moja na nusu kwa swali. Aliyekaa tuisheni miaka miwili ameshajua lipi la kuruka na lipi la kukisia. Huyu binti wiki zilizobaki hazikutosha. Alama yake haikufika. Nimesema mara nyingi na nasema tena: hakuna atakayenishawishi kwamba jiji hili lilijua kitu chochote juu ya akili ya mtoto yule kwa asubuhi ile moja.

Kuna takwimu nyingine, ni ya jiji lenyewe, ilitolewa 2018. Nusu ya waliopata nafasi katika shule hizo nane walitoka katika shule za kati 21. Jiji lina shule za kati karibu 600. Sasa niambieni, katika hizo nyingine mia tano na kitu, vipaji havizaliwi?

Hapa kwa kawaida ndugu mmoja wa kwetu huniuliza, "Lakini sisi tumekuja juzi kutoka Bukavu, kutoka Mombasa, kutoka Mwanza. Ugomvi wa Wamarekani weusi na serikali yao unatuhusu nini?" Ndugu yangu, kwenye takwimu mwanao anahesabiwa kuwa mweusi. Shule aliyopangiwa ni ile ile, mshauri ni yule yule, mtaa ni ule ule. Wale saba wa 2019 wangeweza kuwa na wa kwako ndani yao. Na wale waliopigania haki ya mtoto mweusi kuingia shule yoyote ya umma nchi hii, kabla ya wengi wetu kuzaliwa, hawakuuliza babu yake alishuka meli gani au ndege gani.

Na msiniambie kwetu tulikuwa na mtihani mmoja tu na mambo yalikwenda. Kwetu mtihani mmoja haukuachwa uamue kila kitu. Kenya nafasi za shule za kitaifa zimekuwa zikigawanywa kwa wilaya, baadaye kwa kaunti, na mwaka 2011 serikali iliposema watoto wa shule za umma wapate sehemu inayolingana na idadi yao, wenye shule za binafsi walikwenda mahakamani. Mnakumbuka kelele zile. Wengi wenu hapa mliona ni haki mtoto wa Turkana apate nafasi kwa kulinganishwa na wenzake wa Turkana. Basi wa Bronx naye?

Sasa suala la Waasia, na hili silipiti juu juu. Mwaka 2018 de Blasio, aliyekuwa meya wa jiji hili, alipendekeza mtihani ufutwe, na asilimia 7 ya juu ya kila shule ya kati iingie moja kwa moja. Wazazi wa Kiasia wakaandamana, na hoja ikafia Albany mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa upande wa pendekezo, lakini hasira ile naielewa na naiheshimu. Familia ya Bangladesh iliyopanga vyumba viwili Queens, baba anaendesha teksi, wameweka akiba ya miaka kwa ajili ya mtihani mmoja, halafu wanasikia kwenye habari kwamba unafutwa na hakuna aliyewauliza. Walitendewa vibaya. Na wana historia ya kuogopa. San Francisco, katika shule ya Lowell, chini ya amri ya mahakama ya mwaka 1983 iliyoweka ukomo kwa kila kundi, ilifika mahali mtoto wa Kichina akatakiwa alama za juu kuliko mtoto wa kundi jingine lolote, Wazungu wakiwemo. Familia zikashtaki 1994, na mwaka 1999 utaratibu ule ukaondolewa. Ilikuwa sawa kuondolewa. Mtoto asiongezewe mzigo kwa sababu ya jina la ukoo wake. Sitetei hilo, na yeyote anayelitetea asiseme ametumwa na mimi.

Ninachokitetea ni kumpima mtoto pale alipo, dhidi ya wenzake waliopewa walimu wale wale na vitabu vile vile. Na kimeshafanyika. Kaunti ya Fairfax, Virginia, shule ya Thomas Jefferson ya sayansi. Mwaka 2020 walifuta mtihani pamoja na ada yake ya dola 100. Wakasema kila shule ya kati itakuwa na nafasi sawa na asilimia 1.5 ya darasa lake la nane, kwa wanafunzi wenye alama nzuri za shuleni. Waombaji walichaguliwa bila waliosoma maombi kujua majina wala rangi zao. Mwaka wa kwanza weusi walipanda kutoka karibu asilimia 1 hadi 7. Watoto wa familia maskini walikuwa chini ya asilimia 1, wakafika 25. Waasia walishuka kutoka 73 hadi 54, na nasema hilo wazi, maana wapo wanaolificha. Lakini sikilizeni hili: Waasia wa familia maskini waliopata nafasi mwaka uliotangulia alikuwa mmoja. Chini ya utaratibu mpya walikuwa 51. Mtoto wa yule dereva teksi ndiye aliyeingia! Kesi ilifunguliwa, mahakama ya rufaa ikaipa kaunti ushindi Mei 2023, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Kwa hiyo anayewaambia sheria ya nchi imefunga mlango hajasoma.

"Kiwango kitashuka." Hilo nalo hunifikia kila mara. Hao wanaoingia ni wa kwanza katika shule zao. Wapeni maabara, wapeni walimu wa Stuyvesant, muone.

Nilikuwa na mengi juu ya Chicago, ambako tangu 2009 mitaa imegawanywa madaraja manne kwa hali ya maisha na sehemu kubwa ya nafasi zinagawiwa kwa daraja. Mwenyekiti ananionyesha saa. Boston nayo itabaki siku nyingine. Bahati nasibu, kama waliyoijaribu Lowell wakati wa korona, siiungi mkono, na anayetaka kujua kwa nini anifuate nje.

Kilichobaki ni Albany. Sheria ya 1971 inazitaja kwa majina Stuyvesant, Bronx Science na Brooklyn Tech. Tano nyingine ziliongezwa baadaye na jiji lenyewe, na wapo wanasheria wanaosema meya anaweza kuzibadilishia utaratibu bila kungoja bunge la jimbo. Kwa hiyo barua ni mbili, moja ya mbunge wako wa Albany na moja ya meya. Kikao cha bunge huanza Januari na kuisha Juni, na barua inayofika Julai haina wa kuisoma. Nimeziandika zote mbili kwa Kiingereza na Kiswahili, ziko mezani pale karibu na chai. Weka jina lako na anwani yako, kwa sababu mbunge huangalia kwanza kama unaishi katika eneo lake.

Na wakati sheria ingali hii, mtihani upo na watoto wetu wataufanya. Jiji lina mafunzo ya bure yanayoitwa DREAM kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, na yanaanza kabla mtoto hajafika darasa la nane. Wenye watoto wa darasa la sita na la saba msiondoke. Nina daftari hapa, nitaandika majina yenu mmoja mmoja, na namba ya simu ya mzazi anayepokea simu.