Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza: itumie hivi

Wadogo zangu mnaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, huko Dar, Arusha na Mombasa, karibuni. Meseji nyingi zinauliza: "Dada, msamiati naukuzaje?" Leo tuongelee kamusi, na msikimbie, simaanishi kukariri kurasa kuanzia A.

Tafuteni kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza. Ile ya Longman, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1978, inaeleza maelfu ya maneno kwa kutumia maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu. Ukiyashika hayo, maelezo mengine utayasoma bila kukwama. Basi anzeni na hayo! Na kamusi yenyewe ipo bure kwenye intaneti.

Kwa nini tafsiri isitoshe? Chukua borrow na lend. Sisi tunasema "nimeazima jembe kwa jirani", tunasema pia "niazime jembe lako". Ukiandika "kuazima" mara mbili kwenye daftari, siku ya mtihani utabahatisha. Soma maelezo: la kwanza ni kuchukua cha mtu kwa muda kisha ukirudishe, la pili ni kumpa mtu chako kwa muda. Sasa unajua nani anatoa na nani anapokea.

Mimi hapa Birmingham natunza wazee. Mwisho wa zamu tunaandika ripoti, na anayeingia usiku anaitegemea hiyo hiyo. Mzee aliyekataa chakula na mzee aliyeshindwa kumeza hawahudumiwi sawa, kwa hiyo neno lazima liwe lenyewe. Ndiyo maana nawasisitizia maana kamili, si ya kukisia.

Ila maelezo peke yake hayatoshi, jamani. Zile orodha za maneno makubwa zinazosambazwa WhatsApp zinawapotezea muda. Shukeni kwenye mifano chini ya maelezo: borrow inaandamana na from, usiiache. Kisha tunga sentensi ya maisha yako, ya shangazi, ya bodaboda, ya deni la dukani. Funika neno, soma maelezo, litaje. Rudia kesho, rudia wiki ijayo.

Kwenye kuandika na kuongea, msamiati unabeba robo ya alama za IELTS, na mtahini anapima kama neno umeliweka panapolifaa.

Niandikieni hapo chini maneno mawili yanayowachanganya. Video ijayo tutayafungua kwenye kamusi pamoja, moja baada ya jingine.