Kinachomvuta Msichana Kwenye Kompyuta

Waheshimiwa walimu, wazazi na wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie kinachowasukuma wasichana kusomea teknolojia, na kwa kuwa muda ni mfupi, nitakaa zaidi kwenye mfano mmoja. Mwaka 2017, wanafunzi watano wa shule ya upili ya wasichana ya Kisumu, waliojiita Restorers, walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut, ambayo kwayo msichana anayehofia kukeketwa angeweza kuomba msaada au kutoa taarifa kwa kubonyeza kitufe. Kazi hiyo iliwafikisha California katika fainali za Technovation, mashindano ya kimataifa ya wasichana wanaotengeneza programu, na mwaka 2019 wakawa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya kuwania Tuzo ya Sakharov, tuzo ya Bunge la Ulaya kwa watetezi wa haki za binadamu.

Mabinti hao wanatoka katika jamii ya Waluo, ambayo haina desturi ya ukeketaji. Lakini walikuwa na rafiki, mwanafunzi hodari, ambaye baada ya kukeketwa hakurudi tena shuleni. Kenya ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya kupiga marufuku jambo hilo tangu mwaka 2011. Sheria ilikuwepo, ila njia ya msichana aliye kijijini kuifikia ndiyo iliyokuwa haionekani. Kwa hiyo hawakuanzia kwenye kompyuta, bali kwenye dawati lililobaki tupu, na hesabu za kuandika programu wakazivumilia kwa sababu walijua zinakwenda wapi.

Ndiyo maana sina imani kubwa na mabango yanayosema kwamba wasichana pia wanaweza. Hilo neno “pia” tayari limemfanya msichana kuwa mgeni nyumbani kwa watu.

Mshahara nao unavuta, na hakuna aibu katika kusema hivyo. Binti anayetazamiwa kuwalipia karo wadogo zake ana haki ya kuuliza kazi hii inalipa nini.

Hata hivyo, hamu pekee haitoshi pale ambapo muda haupo. AkiraChix, taasisi iliyoanzishwa na wanawake jijini Nairobi mwaka 2010, ina mafunzo ya mwaka mmoja ambayo msichana hupewa bila malipo pamoja na mahali pa kuishi, na mimi naona hayo malazi yana uzito sawa na masomo yenyewe, kwa maana binti anayeshinda darasani kisha akirudi nyumbani anasubiriwa na maji ya kuteka, chakula cha kupika na watoto wa kuogesha, hana saa ya kukaa na kosa moja la programu mpaka alipate, na kazi hii hujifunzwa hasa katika saa hiyo.

Basi nina swali moja kwa walimu mliopo hapa, na nitaomba mnijibu kabla hatujaenda kunywa chai: chumba cha kompyuta cha shule yenu hufungwa saa ngapi, na jioni ufunguo hubaki kwa nani?