Taa za Msitu wa Rendlesham

HAMISI: Leo tunaingia msituni, kufuata kisa cha taa ambazo wengine wanasema zilikuwa chombo kutoka nje ya dunia. Rendlesham, huko Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Desemba 1980, saa tisa hivi.

ZUHURA: Baridi ya Desemba, Krismasi imeisha juzijuzi, na watu wako nje?

HAMISI: Ni walinzi, dada. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa na kambi mbili pale, Woodbridge na Bentwaters, msitu ukiwa katikati. Walio lango la mashariki wakaona taa zikishuka mitini, wakadhani ndege imeanguka. Wakaingia. Wakatoka na habari ya chombo cha pembetatu kinachong'aa.

ZUHURA: Na kulipokucha vikaonekana vishimo vitatu ardhini. Usiisahau hiyo.

HAMISI: Sijaisahau. Usiku wa kuamkia tarehe 28, naibu mkuu wa kambi, Luteni Kanali Charles Halt, akaenda mwenyewe na vijana wake. Kipima mionzi kipo, na kinasa sauti cha kaseti ndogo. Kanda ile ipo mpaka leo.

ZUHURA: Nimeisikiliza usiku, peke yangu, mwili ukanisisimka. Afisa mzima, na sauti inampanda!

HAMISI: Basi irudie ukiwa na saa mkononi. Anaiona taa, inapotea, anasema imerudi. Hesabu katikati hapo.

ZUHURA: Nimekwishajua unakonipeleka.

HAMISI: Sekunde tano! Na mnara wa taa wa Orfordness, pale pwani, kama kilomita nane kutoka ukingo wa msitu, ulikuwa unamulika kila sekunde tano.

ZUHURA: Lakini tuwape haki wapelelezi wa ridhaa. Brenda Butler, Dot Street na Jenny Randles walianza kufuatilia uvumi huu mwaka 1981, wakati Wizara ya Ulinzi imekaa kimya na magazeti hayana habari. Gazeti la News of the World lililipua Oktoba 1983, wenzao wameshachoka kugonga milango.

HAMISI: Heshima yao wanayo. Walikusanya maneno ya watu, na hiyo ni kazi. Ila aliyenikuna mimi ni Ian Ridpath, mwandishi wa mambo ya nyota. Yeye alimuuliza bwana miti wa pale. Bwana miti akamwambia: ile ni taa ya mnara, ukisimama ukingoni unaiona usawa wa macho kama iko mlemle mitini. Vishimo? Sungura wamefukua. Makovu yaliyoonekana kwenye miti? Shoka letu, tunaweka alama miti ya kukatwa. Ridpath akaenda usiku na kamera ya televisheni, mnara ukamulika vilevile.

ZUHURA: Na zile taa zilizoshuka usiku wa kwanza?

HAMISI: Kimondo. Watu kusini mwa Uingereza walikiona karibu saa hiyohiyo.

ZUHURA: Kaka, walinzi wa kambi wasiujue mnara wa jirani? Halt mwenyewe anakataa. Anasema mnara aliuona, na kile kitu kilikuwa upande mwingine.

HAMISI: Anasema hivyo, ndiyo. Lakini barua yake ya Januari 1981 kwa Wizara ya Ulinzi imekosea hata tarehe. Usiku wa 26 na 28 yeye kaandika 27 na 29. Ukitafuta kumbukumbu za rada kwa barua ile, unatafuta usiku mwingine kabisa.

ZUHURA: Tarehe mtu hukosea. Macho yake je? Kuna kitu aliandika kilikaa angani upande wa kusini kwa muda wa saa mbili au tatu.

HAMISI: Sirius iko hapohapo. Nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, ikiwa chini inamemeta rangi rangi.

ZUHURA: Una jibu la kila kitu, ndiyo maana sikuamini! Haya, nikitaka kwenda kupima mwenyewe?

HAMISI: Umechelewa. Mnara ulizimwa 2013, na 2020 ukabomolewa kwa sababu bahari ilikuwa inaumega ufuko. Faili za Wizara zipo Nyaraka za Taifa, na dawati lao la mambo haya lilifungwa 2009.

ZUHURA: Kwa hiyo shahidi wako mkuu amevunjwa.

HAMISI: Kanda ipo! Saa unayo!

ZUHURA: Kanda ni ya usiku wa Halt. Mimi nataka usiku wa kwanza, wale waliosema wamekikaribia.

HAMISI: Hao tuwaache kipindi kijacho, maana masimulizi yao yamenenepa kila muongo.

ZUHURA: Nitakuja na karatasi zangu.